Je, wajua? Biblia haisemi popote kwamba Mariamu Magdalene alikuwa kahaba

Uliza kusanyiko lolote la Wakristo Mariamu Magdalene alikuwa nani, na jibu litakuja upesi: yule kahaba aliyetubu. Jibu hilo limehubiriwa kwenye mikutano ya injili, limeimbwa na kwaya, limeigizwa na vijana wakati wa Pasaka. Wahubiri wenye nia njema hulitumia kumtia moyo mtu aliyejikatia tamaa. Sasa fungua Biblia utafute mstari unaosema hivyo. Anza na Mathayo, pitia Marko, Luka na Yohana, endelea na Matendo ya Mitume na nyaraka zote. Mstari huo haupo.

Basi imani hii ilitoka wapi, na ilikaaje kwa zaidi ya miaka 1,400 huku Biblia ikisomwa kila Jumapili?

Tuanze na kilichoandikwa. Luka 8:1-3 inasema Yesu alizunguka miji na vijiji akihubiri, akiwa na wale Thenashara, yaani wanafunzi wake kumi na wawili, pamoja na wanawake kadhaa aliowaponya. Wa kwanza kutajwa ni Mariamu aitwaye Magdalene, aliyetokwa na pepo saba. Wanaofuata ni Yoana mkewe Kuza, wakili wa Herode, kisha Susana na wengine wengi. Luka anasema wanawake hao waliihudumia huduma ile kwa mali zao. Kwa hiyo tunayekutana naye hapa ni mtu aliyeponywa, mwenye uwezo wa kutoa, aliyeacha kwao akafuatana na Bwana. Kwao ni Magdala, mji wa wavuvi upande wa magharibi wa Ziwa la Galilaya. Mwaka 2009 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua hapo sinagogi la karne ya kwanza. Wanawake wengine wa Injili hutambulishwa kwa mume au kwa mwana, kama mke wa Kuza au mama yake Yakobo. Huyu anatambulishwa kwa mji wake.

Baada ya hapo Injili zinanyamaza kumhusu mpaka Kalvari. Marko 15 inamtaja kati ya wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali msalabani, kisha anaona mahali Yesu alipolazwa. Alfajiri ya siku ya kwanza ya juma yuko kaburini, na hili linasemwa na Injili zote nne. Katika Yohana 20 anakutana na Yesu mfufuka kabla ya mtu mwingine yeyote, anaitwa kwa jina lake, na anatumwa awaambie wanafunzi. Hayo ndiyo Biblia inayotupa juu yake. Dhambi yake ya zamani haitajwi hata kwa fumbo.

Sasa twende Luka 7:36-50. Yesu amealikwa kula nyumbani kwa Farisayo aitwaye Simoni. Anaingia mwanamke wa mji ule aliyejulikana kuwa mwenye dhambi, ana chupa ya marhamu, yaani mafuta ya manukato, analilia miguu ya Yesu, anaifuta kwa nywele zake na kuipaka. Mwanamke huyo hana jina, na hata dhambi yake Luka haisemi ni ipi. Mistari michache tu baadaye, mwanzoni mwa sura ya 8, ndipo Luka anapomleta Magdalene, na anamleta kama mtu mgeni kwa msomaji. Kama ni yule yule aliyetoka kumsimulia, mwandishi makini kama Luka angekosaje kusema hivyo?

Yuko na wa tatu. Yohana 12 inaeleza jinsi Mariamu wa Bethania, dada yao Martha na Lazaro, alivyompaka Yesu miguu kwa nardo ya thamani kubwa na kuifuta kwa nywele zake. Bethania ni kijiji jirani na Yerusalemu. Magdala iko Galilaya, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Mariamu huyu anaishi na nduguze nyumbani kwao, na hakuna anayemwita mwenye dhambi.

Wanawake watatu, basi. Ukiwaweka karibu karibu unaona jinsi mkanganyiko ulivyozaliwa. Wawili wanaitwa Mariamu, jina lililokuwa la kawaida kuliko yote kwa wanawake wa Kiyahudi wa nchi ile wakati ule. Wawili walimpaka Yesu miguu na kuifuta kwa nywele. Wawili wametajwa karibu karibu katika kitabu cha Luka. Msomaji mwenye haraka anawaunganisha bila kujua.

Aliyewaunganisha kwa sauti iliyosikika Ulaya yote alikuwa Papa Gregori Mkuu. Alikuwa askofu wa Roma kuanzia mwaka 590 hadi 604. Aliupokea mji ulioumia: mto Tiber ulikuwa umefurika, tauni ilikuwa imemuua papa aliyemtangulia, na Walombardi, kabila la wavamizi, walikuwa wakitisha Italia. Gregori alihubiri toba kwa watu waliokuwa wakizika wapendwa wao. Katika hotuba moja inayowekwa mwaka 591 alifundisha kwamba mwanamke mwenye dhambi wa Luka, Mariamu wa Bethania na Mariamu aliyetokwa na pepo saba ni mtu mmoja. Pepo saba akawafasiri kuwa ni dhambi zote. Marhamu akasema ndiyo yale manukato ambayo hapo zamani mwanamke huyo alijipaka kwa ajili ya mambo ya aibu. Ninamheshimu Gregori kama mchungaji, na naelewa kwa nini watu wake walihitaji mfano wa mtu aliyeanguka akainuka. Lakini mfano huo aliujenga kwa vipande vya watu watatu, na heshima aliyokuwa nayo ikaufanya usikike kama Andiko lenyewe.

Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi ya yote, yaani kuwageuza pepo kuwa uzinzi. Pima jambo hilo kwa Injili zenyewe. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi katika Marko 5 alikuwa na jeshi zima la pepo. Nani amewahi kuhubiri kwamba alikuwa mzinzi? Kijana wa Marko 9 aliyekuwa akitupwa na pepo motoni na kwenye maji alikuwa hivyo tangu utoto. Binti wa yule mwanamke Msirofoinike katika Marko 7 alikuwa mtoto. Injili zinawaonyesha watu hawa kuwa ni wateswa wanaohitaji kufunguliwa, na hakuna hata mmoja anayeambiwa umesamehewa uzinzi wako. Kwa mwanamume tunasema alionewa na ibilisi, na kwa mwanamke tunauliza alikuwa akilala na nani. Kipimo hicho hakikutoka kwa Luka.

Si Wakristo wote walioipokea tafsiri ya Gregori. Waorthodoksi, wakiwemo wale walio Kenya na Uganda, waliendelea kuwatenganisha wanawake hawa. Kwao Magdalene ni mbeba manukato aliyekwenda kaburini, anakumbukwa tarehe 22 Julai, na Mariamu wa Bethania ana siku yake nyingine.

Upande wa Magharibi, mtu aliyelishika jambo hili kwa ujasiri alikuwa msomi wa Paris, Jacques Lefèvre d'Étaples. Mwaka 1517, mwaka ule ule Martin Luther alipotoa hoja zake 95, Lefèvre alichapisha kitabu akionyesha kutoka Injili kwamba hawa ni wanawake watatu. Alikuwa Mkatoliki na alibaki Mkatoliki. Alipingwa vikali. John Fisher, askofu wa Rochester huko Uingereza, aliandika kumjibu mwaka 1519, na mwaka 1521 wanateolojia wa Chuo Kikuu cha Paris wakaulaani msimamo wake. Wapinzani wake hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kwamba waumini wakiambiwa mahubiri ya karne kumi yalikosea hapa, watauliza ni wapi kwingine yamekosea. Hofu hiyo ipo hata leo, kwenye kanisa kubwa na kwenye kanisa la turubai.

Mtu atasema hilo ni suala la Wakatoliki. Wala. Waprotestanti waliojenga imani yao juu ya Maandiko peke yake waliendelea kuhubiri habari ile ile. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James iliyochapwa mwaka 1611 iliweka maelezo mafupi juu ya kila sura, na juu ya Luka 7 wahariri waliandika jina la Mariamu Magdalene, jina ambalo sura yenyewe haina. Msomaji aliona jina hilo kwenye ukurasa wa Biblia yake akaamini amelisoma katika Neno. Hata Biblia zetu za Kiswahili zina vichwa vya habari vilivyowekwa na wahariri. Vinasaidia kutafuta mahali, lakini si sehemu ya Andiko.

Kanisa Katoliki lilisahihisha jambo hili hatua kwa hatua. Kabla ya mageuzi ya liturujia, yaani taratibu za ibada, Injili iliyosomwa katika siku ya Magdalene ilikuwa Luka 7, habari ya mwanamke mwenye dhambi. Kalenda mpya ya mwaka 1969, wakati wa Papa Paulo VI, ilimtenganisha na wanawake wale wengine, na somo likawa Yohana 20, pale anapokutana na Mfufuka. Mwaka 2016, kwa agizo la Papa Fransisko, kumbukumbu yake ilipandishwa hadhi ikawa sikukuu kama za mitume, na tangazo likatumia jina ambalo mwanateolojia Toma wa Akwino alimwita katika karne ya 13: mtume wa mitume. Mwaka 2021 Mariamu wa Bethania naye akawekwa pamoja na Martha na Lazaro tarehe 29 Julai. Kwa hiyo Mkatoliki anayeacha kumwita Magdalene kahaba hajaasi mapokeo ya Kanisa lake, bali anafuata kalenda yake.

Je, kosa hili lilimdhuru mtu? Ndiyo, tena sana. Mwaka 1758 ilifunguliwa London nyumba ya kuwarekebisha makahaba, ikapewa jina la Magdalena. Nyingine nyingi zikafuata katika nchi mbalimbali. Huko Ireland nyumba hizo ziligeuka kuwa madobi ambako wasichana walifua nguo bila mshahara, milango ikiwa imefungwa. Wengi hawakuwa makahaba hata kidogo. Wamo waliozaa kabla ya ndoa, wamo yatima, wamo waliopelekwa na familia zao wenyewe. Taarifa ya serikali ilihesabu wanawake wapatao 10,000 waliopita humo kati ya mwaka 1922 na 1996, mwaka ambao dobi la mwisho lilifungwa. Mwaka 2013 Waziri Mkuu Enda Kenny aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola. Siwezi kusema hotuba moja ya mwaka 591 ndiyo iliyojenga nyumba zile. Ila jina lililoandikwa mlangoni lilitoka huko.

Haki ya kupima inadai tupime pande zote. Siku hizi kuna hadithi mpya inayosambaa kwenye simu kwamba Magdalene alikuwa mke wa Yesu. Nayo iweke kwenye mizani ile ile. Injili nne hazina neno hilo, na maandishi ya kale yanayonukuliwa kuitetea yaliandikwa muda mrefu baada ya mitume. Aliyemvua Mariamu vazi la ukahaba asimvike pete ya kubuni.

Wako wanaoona kupima hivi ni utovu wa adabu kwa wazee wa imani. Matendo 17:11 inajibu. Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, wakalipokea neno kwa uelekevu wa moyo, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Luka anawaita waungwana. Walifanya mambo mawili pamoja, kupokea na kuchunguza, na kwenye makanisa yetu tumezoea kulishika moja tu. Ndiyo maana msemo wa “jisaidie nami nitakusaidia” unanukuliwa kama aya wakati haumo kwenye Biblia, na mamajusi wa Mathayo 2 wamehesabiwa kuwa watatu ilhali Mathayo anataja zawadi tatu na hataji idadi ya watu.

Linabaki swali ambalo wachungaji huuliza kwa uzito, nami nalichukua kwa uzito huo huo: tukimwondoa Magdalene kwenye habari ya toba, mwanamke aliyeharibikiwa na maisha tutampa mfano gani? Mfano ungalipo, Luka 7, mahali pake pale pale. Mwanamke yule bado analia, Simoni bado anamhukumu moyoni, na Yesu bado anamwambia imani yake imemwokoa, aende kwa amani. Luka hakumtaja jina, na huenda ni kwa heshima, asije akajulikana kizazi hata kizazi kwa siku zake mbaya. Magdalene naye anarudishiwa ushuhuda wake. Luka 24 inasema mitume waliposikia habari za wanawake wale waliziona ni upuuzi, hawakuwasadiki. Kumbe walikuwa wamesema kweli.