Mfumo mpya, programu-jalizi kuukuu: maana yake na namna ya kuikagua

Mtu akipandisha toleo la mfumo endeshi wa kompyuta yake huchukulia kwamba kila kilichomo ndani sasa ni kipya kuliko jana. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Lakini mfumo endeshi huja pia na vipande ambavyo mtengenezaji wake hakuviandika. Vimetoka kwa kampuni nyingine, vikafungashwa humo ili mtumiaji asihangaike kuvitafuta. Kwa miaka mingi programu-jalizi za kivinjari ndizo zilizokuwa maarufu zaidi kati ya vipande hivyo, na ndizo zilizoonyesha kwamba mfumo unaweza kupanda huku kitu kilichomo ndani yake kikishuka.

Programu-jalizi ni msimbo uliokwisha kukusanywa kwa ajili ya aina fulani ya kompyuta, ambao kivinjari huupakia pale kinapokutana na maudhui kisichoyaweza chenyewe: video ya Flash, programu ndogo ya Java, filamu ya QuickTime, ukurasa wa Silverlight. Isichanganywe na kiendelezi, kama vile kizuia matangazo. Kiendelezi huandikwa kwa lugha zilezile za kurasa za wavuti na huishi ndani ya mipaka iliyowekwa na kivinjari. Programu-jalizi ilikuwa programu kamili yenye ruhusa zote za mtumiaji aliyeifungua. Ikiwa na mwanya, yaani kasoro ya usalama, ukurasa mmoja wenye nia mbaya ulitosha kuendesha amri kwenye kompyuta, bila mtumiaji kubofya chochote zaidi ya kiungo cha ukurasa huo. Ndiyo maana nambari ya toleo lake ilikuwa na uzito: tofauti ya toleo moja ndogo ilimaanisha mwanya uliozibwa au ulio wazi.

Kisa kinachoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi ni cha Mac OS X 10.6, yaani Snow Leopard, iliyotolewa na Apple tarehe 28 Agosti 2009. Ndani yake kulikuwa na Flash Player, programu-jalizi ya kampuni ya Adobe ya kuchezea maudhui ya Flash, toleo 10.0.23.1. Mwezi mmoja kabla, tarehe 30 Julai, Adobe ilikuwa imetoa toleo 10.0.32.18 lililoziba mianya, mmojawapo ukiwa tayari unatumiwa na wavamizi kupitia faili za PDF. Mwenye Mac aliyekuwa makini, aliyesasisha Flash yake mwanzoni mwa Agosti kisha akaweka Snow Leopard mwishoni mwa mwezi, alirudishwa nyuma. Kisakinishi kiliondoa 10.0.32.18, kikaweka 10.0.23.1 mahali pake, na hakikusema neno. Apple ilirekebisha kwa toleo 10.6.1 tarehe 10 Septemba.

Zitazame nambari hizo mbili kwa makini, maana 23 na 32 ni rahisi kupishana machoni. Toleo husomwa kutoka kushoto, sehemu kwa sehemu, nukta ikiwa mpaka: 10 na 10 ni sawa, 0 na 0 ni sawa, 23 ni ndogo kuliko 32, basi hukumu imeshatoka na kilichobaki upande wa kulia hakihesabiki. Kosa la kawaida, hata kwa wanaoandika hati za ukaguzi, yaani orodha za amri ambazo kompyuta huziendesha yenyewe, ni kulinganisha nambari hizi kama maandishi. Kwa mpangilio wa maandishi, 10.0.9 huja baada ya 10.0.32 kwa kuwa herufi 9 huja baada ya herufi 3. Hati ya namna hiyo itaripoti kwamba kila kitu kiko sawa kumbe kimebaki nyuma.

Kwa nini kampuni kubwa itoe toleo lenye mwanya unaojulikana? Mara nyingi sababu si uzembe bali kalenda. Mfumo endeshi hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kuuzwa. Hufika tarehe ambayo hakuna kinachoruhusiwa kubadilika tena, kwa sababu kila badiliko hudai majaribio yaanze upya, na enzi hizo diski zilipaswa kuchapwa na kusafirishwa. Programu-jalizi iliyomo hubaki ilivyokuwa siku hiyo. Mtengenezaji wake, huko kwake, anaendelea na ratiba yake na kutoa viraka, yaani marekebisho ya kuziba mianya. Kadiri pengo kati ya siku ya kufunga na siku ya kusakinisha linavyokuwa refu, ndivyo kiraka kinavyozidi kuwa na nafasi ya kutokea katikati. Na pengo hilo haliishii siku ya uzinduzi: anayesakinisha kwa diski ileile mwaka mmoja baadaye anapata kipande kilekile, sasa kikiwa na mwaka mzima wa mianya.

Sababu ya pili iko kwenye kisakinishi chenyewe, na hii ndiyo isiyo na udhuru. Kisakinishi cha mfumo huchukulia faili zake kuwa ndizo sahihi na huandika juu ya zilizopo. Kulinganisha matoleo kabla ya kuandika ni kazi ya mistari michache ya msimbo: kama kilichopo ni kipya zaidi, kiache. Ila hatua hiyo humlazimu mtengenezaji wa mfumo akubali kuwa na mchanganyiko wa vipande ambao hakuujaribu, na wengi hawapendi hilo. Matokeo yake mtumiaji ndiye hubeba hasara ya uamuzi ambao hakuambiwa umefanyika.

Kilichozidisha shida ni kwamba wakati huo Flash haikuwa na njia ya kujisasisha kimyakimya. Usasishaji wa aina hiyo ulikuja na toleo 11.2 kwa Windows mwezi Machi 2012, na 11.3 kwa Mac miezi michache baadaye. Kabla ya hapo mtu alisubiri taarifa itokee, au aende kuangalia mwenyewe, na aliyekwisha kusasisha hakuwa na sababu ya kwenda kuangalia tena.

Upande wa Windows kulikuwa na namna nyingine ya tatizo hilohilo. Windows XP ilibeba Flash Player 6. Januari 2010, Flash ikiwa imefika toleo la 10, Microsoft ililazimika kutoa tahadhari kuwataka watumiaji wa XP waiondoe ile ya 6 au waweke mpya ya Adobe. Windows 8 nayo iliingiza Flash moja kwa moja ndani ya Internet Explorer 10, viraka vyake vikipitia Windows Update pekee. Wazo lilikuwa zuri, lakini Adobe ilipotoa viraka Agosti 2012, wale waliokwisha kupata Windows 8 mapema walisubiri hadi 21 Septemba, na hawakuwa na njia ya kujiwekea wenyewe, kwa sababu kisakinishi cha Adobe hakikugusa nakala hiyo.

Hapa ndipo wengi walipokuwa wakikwama. Windows ingeweza kuwa na Flash mbili kwa wakati mmoja: ya ActiveX, muundo wa programu-jalizi wa Microsoft, kwa ajili ya Internet Explorer, na ya NPAPI, muundo mwingine, kwa ajili ya Firefox na vivinjari vingine. Kusasisha moja hakukusasisha nyingine. Mtu aliyefungua Firefox, akaona toleo jipya na kuridhika, aliweza kuwa na ile ya ActiveX iliyooza, na programu nyingine za Windows zilizotumia injini ya Internet Explorer kuonyesha kurasa zilikuwa zikiita hiyohiyo iliyooza. Kwa hiyo swali «nina toleo gani la Flash?» halikuwa na jibu moja. Lilihitaji kuulizwa kwa kila kivinjari.

Kufungasha pekee si dhambi. Google ilianza kuweka Flash ndani ya Chrome mwaka 2010, na watumiaji wa Chrome wakawa na Flash mpya kuliko karibu kila mtu, kwa kuwa Chrome hujisasisha yenyewe mara kwa mara. Tofauti ni mwendo. Anayefungasha kipande cha mwingine anarithi wajibu wa kukiwekea viraka kwa kasi ya mwenye kipande, si kwa kasi yake mwenyewe. Asipoweza, bora asikifungashe. Java ya Apple ilionyesha gharama ya kutoweza. Apple ilikuwa ikitoa toleo lake la Java kwa Mac. Oracle, kampuni yenye Java, iliziba mwanya mmoja Februari 2012, kiraka cha Apple kikaja tarehe 3 Aprili, na katika wiki hizo za katikati programu hasidi iitwayo Flashback ilipenya kwenye Mac zaidi ya 600,000. Kufikia hapo Apple ilikuwa imeshaanza kujitoa: MacBook Air za Oktoba 2010 zilikuja bila Flash, na OS X 10.7 ya mwaka 2011 haikuwa na Flash wala Java ndani yake.

Mozilla ilichagua njia nyingine ambayo haikuhitaji ruhusa ya mtu. Kuanzia Firefox 3.5.3 na 3.0.14, Septemba 2009, kivinjari kilipomaliza kujisasisha kilikagua pia toleo la Flash na kumwonya mwenye la zamani. Ni msaada uliotoka kwa asiyehusika na kosa, na ulifika kwa haraka kuliko wa waliohusika.

Leo vivinjari vikuu vimeacha programu-jalizi za aina hiyo. Chrome iliondoa NPAPI katika toleo 45 mwaka 2015, Firefox ikabakiza Flash pekee kuanzia toleo 52 mwaka 2017 na kuiondoa kabisa katika toleo 85, na Safari ikamaliza na toleo 14. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 matoleo ya mwisho yalikataa kucheza maudhui. Sema «matoleo ya mwisho», kwa maana tarehe hiyo ya kujifunga iliandikwa ndani ya matoleo ya mwaka 2020 tu. Flash ya zamani zaidi, ile iliyoachwa na mfumo wa kale, haijui habari hiyo na bado hucheza. Yaani iliyo hatari zaidi ndiyo iliyobaki hai.

Kwa hiyo mwenye mashine ya zamani, au anayesakinisha upya mfumo wa zamani kwa sababu ya programu au kifaa kisichokubali mpya, afanye ukaguzi kabla ya kufungua kivinjari kwenye intaneti. Kwenye Mac kuna folda mbili: /Library/Internet Plug-Ins ya watumiaji wote, na ~/Library/Internet Plug-Ins ya mtumiaji mmoja. Ya pili husahauliwa, na kipande kilichomo humo huendelea kufanya kazi hata cha kwanza kikifutwa. Toleo husomwa kwa kuchagua faili na kufungua maelezo yake, au kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri:

defaults read "/Library/Internet Plug-Ins/Flash Player.plugin/Contents/Info" CFBundleShortVersionString

Alama za nukuu ni lazima kwa sababu njia ina nafasi. Zikikosekana, amri huvunjika vipande na hujibu kwa ujumbe wa kosa, jambo ambalo mtu huweza kulisoma kana kwamba Flash haipo. Kwenye Windows tazama C:\Windows\System32\Macromed\Flash, na kwa mfumo wa biti 64 tazama pia C:\Windows\SysWOW64\Macromed\Flash. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, na toleo litaonekana kwenye ukurasa wa maelezo. Kuondoa ile iliyofungashwa na Windows kuna sasisho lake maalumu, KB4577586. Sasisho hilo haligusi Flash ambayo mtu aliisakinisha mwenyewe kutoka Adobe. Hiyo huondolewa kama programu nyingine yoyote kwenye orodha ya programu. Na ukishaweka sasisho hilo, haliondoleki.

Kurejesha nakala ya akiba pia ni kupandisha mfumo kinyume. Picha ya mfumo ambayo ofisi hutumia kuandaa kompyuta zake zote, au mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, iliyorudishwa kwenye hali ya miezi sita iliyopita, hurudisha kila kipande katika toleo la siku ile. Anayetunza picha hizo azifungue, asasishe vilivyomo, azifunge upya. Kusasisha kompyuta moja moja baada ya kuzigawa huacha saa au siku ambazo zote ziko wazi.

Jina la programu-jalizi limekwisha lakini mpangilio wenyewe haujaisha. Windows huja na curl, programu ya kuvuta data kwa amri, na nakala hiyo huweza kuwa nyuma ya ile ya watengenezaji wake. Programu za kupima usalama huilalamikia, na wapo wanaoifuta kutoka System32. Usifanye hivyo: ni faili ya mfumo, na kuifuta kunaweza kukwamisha masasisho ya Windows yanayofuata. Ukihitaji mpya, iweke kwenye folda nyingine na uiite kwa njia yake kamili.

Kwenye simu, WebView ya Android, yaani kipande kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, ilikuwa sehemu ya mfumo hadi Android 4.4, na mwenye simu alisubiri mtengenezaji wa simu. Kuanzia Android 5.0 husasishwa kupitia Play Store. Hata hivyo nakala ya kiwandani hubaki kwenye sehemu ya mfumo, na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani huifufua. Hivyo baada ya kurejesha simu, ingia Play Store, tafuta Android System WebView na Chrome, usasishe zote mbili, kwa sababu kwenye Android 7 hadi 9 Chrome ndiyo huwa inafanya kazi ya WebView. Programu ya benki ifunguliwe baada ya hapo.