Kinachoamua chakula cha nyumbani si elimu peke yake

Kwenye kliniki ya lishe nchini Uganda, mama mwenye mtoto aliyedumaa huulizwa kwanza kama anajua faida ya maharagwe. Anajua. Aliyesoma bweni amekula posho (ugali) na maharagwe mpaka akayakinai. Nadra aulizwe anapikia nini.

Maharagwe makavu yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili, hata tatu. Kwa anayepanga chumba kimoja Bwaise au Katwe, mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Kampala, anayenunua makaa kwa mkebe, sufuria moja inaweza kula pesa nyingi ya makaa kuliko ya maharagwe yenyewe. Hatua chache kutoka mlangoni yupo kijana wa chapati. Rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, inakunjwa ukiwa umesimama. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharagwe ambayo makaa yake yamelipwa na mwingine. Anayenunua hapo amepiga hesabu, wala tusimwite mvivu. Taabu ni mafuta na chumvi, na kwamba ikiwa kila siku ni hivyo, mboga za majani kama dodo na nakati hazionekani tena sahanini.

Basi ushauri wetu huanzia jikoni: loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa mkupuo mmoja ya mchana na ya jioni. Makaa yatapungua.

Umaskini nao hauelezi kila kitu. Mwaka 2016, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa nchini. Tooro, magharibi mwa nchi, ambako migomba inafika hadi uani, ilikuwa karibu asilimia 41. Matoke, ndizi za kupika, hushibisha lakini yana protini kidogo sana, na mtoto mwenye tumbo dogo hushiba kabla hajaufikia mchuzi wa karanga. Mpakulie mchuzi mzito kwanza.

Mukene, samaki wadogo kama dagaa, wangesaidia sana. Ni nafuu, wana protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao hutupatia madini ya kalsiamu. Ila wengi huwaona chakula cha maskini, au cha kuku. Tena waliokaushwa chini ufukweni huja na mchanga unaosaga menoni, na hapo simlaumu anayewakataa. Tafuta waliokaushwa kwenye vichanja, wakaange bila mafuta, watwange, uchanganye kwenye mchuzi wa karanga.

Halafu kuna suala la nani anakula nini. Zamani Buganda, katikati ya nchi, wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Mwiko huo umekwisha kwa sehemu kubwa, lakini firigisi bado ni ya baba katika nyumba nyingi, na mayai ya kuku wa kienyeji huuzwa mtoto hajayaonja. Ndiyo sababu kwenye darasa letu la lishe tunawaita akina baba pia: mara nyingi pesa ya sokoni hutoka mfukoni mwao.