Besi si Dundo la Sabufa

Pita kwenye baraza lolote la Ngamiani, hapa Tanga, uulize nani alikuwa mshambuliaji mkali wa Coastal Union au African Sports, utapewa majina mpaka uchoke. Ulizia wimbo wa zilipendwa, utatajiwa mwimbaji na bendi, na pengine hata yule mwanamke aliyeimbiwa. Sasa uliza nani alipiga besi, lile gitaa la nyuzi nene lenye sauti nzito. Watatazamana, kisha mmoja atakujibu, "Besi? Si ilipigwa tu."

Hiyo "ilipigwa tu" ndiyo mama wa dhana nyingi ninazokutana nazo. Mimi ni mpenzi wa besi, tena mwenye upendeleo wa wazi, kwa hiyo msomaji anisome akilijua hilo.

"Besi ni lile dundo la sabufa"

Bajaji inapita na sabufa nyuma ya kiti, vioo vya maduka vinatetemeka, vijana wanashangilia: besi hiyo! Mara nyingi kinachosikika pale ni boksi, si besi. Kila boksi la spika lina mlio linaoupenda. Noti ikiangukia hapo inalipuka, ikiangukia pengine inafifia. Mpiga besi anaweza kuwa amepanda noti sita na kushuka nne kwa ustadi mkubwa, wewe ukaambulia du-du-du.

Uzi mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Unaofuata 55, kisha 73, na ule mwembamba 98. Lakini uzi huohuo wa 41 hutoa pia 82, 124, 165, na kuendelea kupanda. Huko juu ndiko sikio linakotambua kama aliyepiga ametumia kidole au piki (kile kibao kidogo cha kuchapia nyuzi), kama noti imekatwa ghafla au imeachwa ivume. Ndiyo maana hata kispika cha simu, ambacho 41 hakiiwezi hata kidogo, bado kinakuwezesha kuufuata mwendo wa besi: ubongo unasikia ngazi za juu zimepishana kwa 41, ukajaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana.

Kwa hiyo ukitaka kumsikia mpiga besi, punguza sabufa, vaa hedifoni. Anza na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo ambao kila mtu anadai anaujua. Aliyepiga besi ni Tom Malanga. Msikilize yeye tu, wimbo mzima, waache waimbaji waende zao. Anaweka kifungu kifupi cha noti, ananyamaza, gitaa la rizim linapita kwenye lile pengo, ndipo anarudi. Asiponyamaza, wimbo unaanguka. Wengi wakiukumbuka wimbo ule huanza kuguna sauti ya besi kabla ya maneno, bila kujua kwamba wanachoguna ni besi.

Na sisi watu wa Tanga tuna sababu ya kuvimba kidogo. Les Wanyika iliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, na Simba Wanyika iliasisiwa na ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, ambao walipigia Jamhuri Jazz ya hapahapa Tanga kabla ya kuhamia Arusha na baadaye Kenya. Kwa njia hiyo, muziki ambao wengi wanauita wa Kikenya mzizi wake mmoja uko hapa mjini.

"Gitaa la umeme limekuja juzi kuiharibu taarabu"

Hii nasikia zaidi kwa wazee wangu, na nawaheshimu, lakini hapana. Taarabu ya Unguja, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ilikuja kujengwa kwa udi, kanuni (ubao wa nyuzi nyingi), fidla na nai (filimbi ya mwanzi), na chini yake likawekwa lile besi kubwa la kusimama. Tanga ilishika njia nyingine. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club walipunguza msururu wa vyombo, wakaweka magitaa ya umeme na gitaa la besi katikati ya taarabu. Lucky Star wakafuata mkondo huohuo. Marehemu Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alijengea jina lake juu ya sauti hiyo, na mtindo ukasambaa pwani.

Kwa maneno mengine, kile ambacho mzee wa leo anakiita "taarabu yetu ya asili ya Tanga" ndicho kilekile ambacho mzee wa wakati ule angeweza kukiona fujo la magitaa. Nusu karne inatosha kugeuza fujo kuwa asili.

Na besi pale haikuwa pambo. Kundi likiwa dogo, bila safu ya fidla, kuna nafasi kubwa wazi kati ya ngoma na sauti ya mwimbaji, na anayeishikilia nafasi hiyo ni besi. Sikiliza mdundo wa chakacha: mapigo sita unaweza kuyahesabu mbilimbili au tatutatu. Ngoma zinakuachia yote mawili kwa pamoja. Besi ndiyo inayomwambia mchezaji kiuno kiegemee wapi.

"Aliyeshindwa solo hupewa besi"

Ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inanifurahisha. Paul McCartney wa Beatles alichukua besi mwaka 1961 kwa sababu Stuart Sutcliffe aliondoka kwenye kundi na wengine hawakuitaka. Carol Kaye, mpiga gitaa wa Los Angeles, mwaka 1963 alikuwa studio siku ambayo mpiga besi hakutokea, akaombwa azibe. Aliendelea kuziba hadi akahesabiwa kuwa na rekodi zipatazo 10,000. Larry Graham, Mmarekani mwingine, alikuwa akipiga na mama yake. Mpiga dramu alipoondoka, akaanza kuugonga uzi kwa kidole gumba na kuufyatua mwingine, ili besi ifanye na kazi ya dramu. Ufundi huo sasa vijana wanauiga kutwa nzima mtandaoni, mara nyingi kwa kasi kubwa na bila wimbo wowote chini yake.

Walipewa besi kwa bahati, sawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyebaki nayo kwa kushindwa.

"Nyuzi nne tu, ni rahisi"

Pima. Urefu wa uzi unaotetemeka kwenye besi ya kawaida ni milimita 864. Kwenye gitaa la umeme ni karibu 648. Uzi mnene wa besi una unene wa kama milimita 2.7, zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa gitaa. Kidole kinasafiri mbali zaidi na kinabana kwa nguvu zaidi. Halafu kuna kazi isiyoonekana: kila uzi unaopigwa unaziamsha nyuzi jirani, na mpiga besi lazima azinyamazishe kwa vidole ambavyo tayari vina shughuli. Ukimwangalia anayejua, nusu ya mkono wake wa kushoto haipigi kitu. Inazima.

Baada ya kulijua hilo, msikilize James Jamerson wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani. Karibu kila kitu alikipiga kwa kidole kimoja, cha shahada, ambacho wenzake walikibatiza jina la ndoano. Alitokea kwenye besi la kusimama, na nadhani ndiyo maana noti zake zinatembea kama za mtu anayezungumza. Kwa miaka mingi santuri zilizouzwa dunia nzima hazikuandika jina lake. Lilikuja kuchapwa kwenye jalada la albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, "What's Going On". Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu hiyo, ukimaliza urudie.

"Kile kipande cha besi kwenye 'You Can Call Me Al' hakipigiki na binadamu"

Nusu yake, kweli hakipigiki. Bakithi Kumalo wa Soweto, kwenye albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986 yenye wimbo huo, alipiga nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni mkanda wa ile ya kwanza uliogeuzwa ukachezwa kinyumenyume. Nimeona watu wakivunja vidole kukifuatisha. Lakini hila ya studio isikufiche alichofanya kwenye nyimbo nyingine za albamu ile: besi yake haikuwa na freti, vile vyuma vya shingoni, kwa hiyo noti zake zinateleza kama sauti ya mtu anayeimba.

Wanaosema besi bila freti ilibuniwa na Mmarekani Jaco Pastorius wanakosea kidogo: kampuni ya Ampeg walikuwa wakiiuza tangu 1966, na Bill Wyman wa Rolling Stones aling'oa freti za besi yake mapema zaidi. Jaco aliifanya iimbe, na rekodi yake ya mwaka 1976 ndiyo iliyomvuta Richard Bona wa Kamerun kwenye besi. Kadhalika Leo Fender hakuwa wa kwanza kutengeneza besi ya umeme. Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya umeme yenye freti katikati ya miaka ya 1930. Ya Fender, ya mwaka 1951, ndiyo iliyonunuliwa.

"Nyuzi mpya ndiyo sauti nzuri"

Inategemea unataka nini. Nyuzi mpya zinang'aa na kulia kama kengele, zinafaa kwa anayegonga kwa gumba. Jamerson alitumia nyuzi laini zilizosokotwa bapa na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Ule uzito wa sauti yake ulitokana na uchakavu. Kwa rumba na taarabu ya kizamani, uzi uliozeeka kiasi unakaa vizuri zaidi.

Lakini kuzeeka si kuoza. Mji wetu uko baharini, na upepo wa chumvi haujui Jamerson ni nani. Uzi wa kawaida, ule wa mikunjo, unashika jasho na chumvi ndani ya mikunjo, unapata kutu, unakwaruza vidole na kuanza kudanganya kwenye kutyuni: wazi uko sawa, ukiubana katikati ya shingo noti inatoka pembeni. Ukifika hapo, badilisha. Kabla ya hapo, kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu ya uzi na chini yake, kinatosha.