Tanuru la Yawata Lililogoma

Juni 2025 kampuni ya chuma ya Nippon Steel ya Japani iliinunua U.S. Steel ya Marekani kwa karibu dola bilioni 15. Watu walistaajabia fedha. Sisi wa fani ya metali tulikumbuka tarehe: U.S. Steel iliundwa 1901, na Februari 1901 ndipo kiwanda cha chuma cha serikali ya Japani huko Yawata, kisiwani Kyushu, kilipowasha tanuru lake la kwanza. Nippon Steel ni kizazi cha kiwanda hicho.

Sehemu ya mtaji ilitokana na fidia ambayo China ililipa baada ya kushindwa vitani 1895. Madini ya chuma nayo yakaletwa kutoka Daye, China hukohuko. Ramani za kiwanda na wahandisi vilitoka Ujerumani, makaa ya mawe yakachimbwa jirani, Chikuho.

Julai 1902 tanuru likazimwa. Chuma kilichotoka kilikuwa haba, hasara tele.

Tanuru la namna hii hulishwa kwa juu: madini, mawe ya chokaa, na koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa. Upepo wa moto hupulizwa kutoka chini, kama mhunzi na mivukuto yake. Koki huwaka, huyavua madini oksijeni, na tena hubeba uzito wote ulio juu yake ili upepo upate pa kupita. Ikiwa laini, husagika. Upepo hukwama na joto hushuka. Koki ya Yawata ilikuwa dhaifu, na umbo la tanuru la Kijerumani halikuivumilia.

Akaitwa Noro Kageyoshi, mtaalamu wa metali aliyekuwa amewekwa kando. Akabadili umbo la ndani la tanuru na kudai koki bora. Jaribio la Aprili 1904 halikufika mbali; la Julai likashika, wakati vita na Urusi vikililia chuma.

Yaliyofuata ni mlolongo wa kampuni kuungana 1934, kutengana 1950, na kuungana tena 1970 na 2012. Jina la sasa la kampuni lilichukuliwa 2019.

Leo huko Yawata, sasa sehemu ya jiji la Kitakyushu, limesimama tanuru lenye bango kubwa “1901”. Wageni hupiga picha. Lakini hilo lilijengwa upya 1962, likiwa la kumi mahali hapo.