Kitabu cha Mwisho cha Mfululizo: Tunavyodhani na Ilivyo

Msomaji wa riwaya za fantasia za vijana akifika kitabu cha mwisho, huwa tayari ana kesi mkononi. Amepita kurasa elfu na ushee. Ana wawili anaotaka waoane, ana msaliti anayemwombea kifo, na ana nadharia yake kuhusu baba halisi wa yule mtoto wa malkia. Kitabu kikifunguliwa, hakisomwi, kinahojiwa. Naona dhana nyingi potofu kuhusu vitabu vya tamati zinazaliwa papo hapo. (Sitataja nani anakufa wapi, kwa hiyo soma bila wasiwasi.)

"Mwandishi aliujua mwisho tangu siku ya kwanza."

Hii imeota mizizi kuliko zote, na J. K. Rowling kaimwagilia maji. Ni kweli aliandika sura ya kufungia Harry Potter miaka mingi kabla kitabu cha saba hakijatoka, Julai 2007. Lakini hata yeye alikuwa amesema neno la mwisho kabisa lingekuwa "kovu", kisha akageuza. Kovu limebaki katika sentensi inayotangulia ile ya mwisho.

Wengine mwisho uliwakimbia zaidi. Christopher Paolini alikusudia vitabu vitatu kuhusu kijana wake na joka. Cha tatu kikavimba mno, akakigawa, na hitimisho likatoka mwaka 2011 likiwa la nne. Kisa cha C. S. Lewis ndicho kinachonichekesha: alimaliza The Last Battle, kinachoufunga mfululizo wake kuhusu nchi ya kubuni ya Narnia, kabla hajamaliza The Magician's Nephew, kinachosimulia Narnia ilivyoumbwa. Kiama kilikuwa tayari, uumbaji ungali unamtoa jasho.

Kwa msomaji jambo hili lina uzito wake. Ile pete iliyotajwa mara moja katika sura ya tatu ya kitabu cha kwanza, ambayo umeibeba kichwani miaka yote ukisubiri ifanye maajabu, huenda ilikuwa pete tu. Mhusika alihitaji kitu cha kuchezea vidoleni wakati akizungumza. Ukikasirika kwamba "imesahaulika", unadai deni ambalo hakuna aliyelikopa.

"Hitimisho zuri hujibu kila swali."

Hapana. Hujibu swali lile kubwa ambalo kitabu cha kwanza kiliuliza, na mengine linaweza kuyaacha yapumue. Ulimwengu wa kubuni ambao kila mlango umefunguliwa na kila babu ametajwa jina huanza kunuka rangi mbichi, unajua umejengwa jana. Hata hivyo sitetei uvivu. Mhusika aliyepewa sura kumi katika kitabu cha pili, akasindikizwa hadi mlangoni mwa gereza, halafu asitajwe tena, huyo katelekezwa na msomaji ana haki ya kulalamika.

"Adui akianguka, hadithi imekwisha."

Hebu kumbuka hali yenyewe. Ni usiku mkubwa, mnara umebomoka, mbaya wetu kageuka majivu, na kidole gumba chako cha kulia kinahisi bado kuna kurasa arobaini. Wengi hapo hupiga mwayo na kuanza kuruka. Wanachokiruka mara nyingi ndicho mwandishi alichokuwa akikielekea tangu mwanzo: nani anarudi nyumbani na nyumba haimtoshi tena, nani anashindwa kulala kwenye kitanda laini, nani anafua nguo yenye damu ya rafiki yake. Katika Mockingjay ya mwaka 2010, kitabu cha kufungia trilojia ya The Hunger Games, Suzanne Collins hakuishia kwenye vita. Amefunga kwa sura fupi ya miaka mingi baadaye, na bila hiyo mfululizo mzima ungekuwa kitabu cha mapigano tu. Riwaya za vijana ni hadithi za kukua, na mtu hakui siku ya vita, hukua kesho yake.

"Cha mwisho daima ndicho dhaifu."

The High King, kinachofunga mfululizo wa Prydain wa Lloyd Alexander, kilipata nishani ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto ya Marekani, mwaka 1969. The Amber Spyglass, cha mwisho katika trilojia ya Philip Pullman, kilitwaa tuzo kuu ya Whitbread ya Uingereza ya mwaka 2001, kikiwa kitabu cha kwanza cha watoto kufanya hivyo. Vibaya vipo, tena vingi, ila havina sheria.

Kinachofanya tuone udhaifu mara nyingi ni kusahau. Niliwahi kufungua hitimisho moja kwa pupa. Ukurasa wa kwanza mwanamke anapiga magoti, anaweka upanga mezani, na kaka wa mhusika mkuu anatoka nje akiubamiza mlango. Ilikuwa nitokwe na machozi. Mimi nilikuwa najiuliza, huyu mama ni nani? Nikakilaumu kitabu kwa ubaridi, kumbe baridi ilikuwa yangu. Siku hizi narudia sura tatu au nne za mwisho za kitabu kilichotangulia, si mfululizo mzima. Kumbuka pia kwamba miaka inapita: Tomi Adeyemi alitoa kitabu cha pili cha trilojia yake mwaka 2019 na cha tatu mwaka 2024. Aliyekianza akiwa na kinyongo cha ujana alimalizia akiwa na kazi na kodi ya nyumba.

"Ukijua mwisho, uhondo umekufa."

Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha wasomaji waliodokezwa mwisho walifurahia zaidi kidogo. Lakini zilikuwa hadithi fupi. Aliyemsubiri mhusika wake miaka mitano hana la kujifunza hapo, kwa hiyo usimfichulie kisha ukamletea sayansi.

"Ni vitabu vya watoto." Uchunguzi wa kampuni ya Bowker mwaka 2012 huko Marekani ulikuta asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana wana miaka 18 na zaidi. Tuendelee.

"Cha mwisho ni cha mwisho."

Mwaka 1990 Ursula K. Le Guin alitoa Tehanu, na chini ya jina hilo pakaandikwa kwamba hiki ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea, mfululizo wake wa fantasia. Mwaka 2001 vikatoka vingine viwili, mwaka mmoja huohuo. Waliokuwa wamekiweka Tehanu mwishoni mwa rafu ikawabidi wasogeze vitabu wapate nafasi.