Wingu Si Mvuke, Tafadhali Tuyamalize Leo

"Mawingu ni mvuke wa maji ulioko angani." Sentensi hii nimekutana nayo tena juzi, kwenye mtihani wa majaribio wa mtoto wa jirani, na mwalimu kaipigia tiki ndefu ya wino mwekundu. Mtoto kapata alama, mimi nimepata kiungulia.

Mvuke wa maji hauonekani. Kama unasoma hapa ukiwa Tanga au Mombasa, hewa iliyo mbele ya pua yako ina kama gramu 20 za mvuke katika kila mita ya ujazo, na huoni kitu. Ukishaona weupe, hayo ni matone ya maji, au chembe za barafu kama ni juu sana.

Aliyepanda ndege Dar mwezi wa tatu anajua kioja hiki: mlango unafungwa, kiyoyozi kinawashwa, "moshi" mweupe unateremka kutoka matundu ya juu ya viti, na hakosi abiria wa kuanza kusali kwa sauti. Hakuna kinachoungua. Hewa baridi imekutana na hewa yenye unyevu mwingi, mvuke umetonesha, yaani umegeuka matone. Sasa utazame vizuri: ukifika usawa wa mabega, umeshatoweka, kwa sababu matone yamepata joto yakarudi kuwa mvuke. Wingu limezaliwa na kufa juu ya kiti chako.

Angani kupoa kunakuja kwa njia nyingine, na hapa pia kuna jibu la kukariri linalonichosha: "hewa inapoa kwa sababu huko juu kuna baridi." Hapana. Hewa inayopanda inakuta kanieneo (mgandamizo wa hewa) ndogo, inatanuka, na kutanuka ni kazi ambayo inailipia kwa joto lake yenyewe. Inapoteza takribani nyuzi 10 kila kilomita. Ikianza kutonesha, joto fiche, lile ambalo mvuke ulikuwa umelibeba, linaachiwa na kasi hiyo ya kupoa inapungua. Basi.

Kwa hiyo urefu wa kitako cha wingu la kumulasi, lile la mafungu meupe kama pamba, unaweza kuukadiria ukiwa umekaa barazani. Chukua halijoto, toa kiwango cha umande (halijoto ambayo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kutonesha), zidisha kwa 125, utapata mita. Dar mchana, tuseme 31 na 24: kitako kiko karibu mita 875. Nairobi, tuseme 25 na 13: mita 1,500 juu ya ardhi yao, ambayo yenyewe tayari iko juu. Ndiyo maana vitako vya kumulasi huwa bapa, vimepangana kwenye mstari mmoja. Pale ndipo mvuke unapofika kikomo.

Viini, yaani chembe ambazo mvuke hushikia ili utoneshe, nitavipitia haraka. Maji safi bila kitu cha kushikia yangehitaji unyevu wa asilimia mia kadhaa ndipo yatoneshe. Yanashika kwenye chumvi ya bahari, vumbi, masizi ya moto wa mashambani. John Aitken wa Uskoti alilionyesha hilo katika miaka ya 1880 kwa hewa iliyochujwa vumbi.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: kama ni maji, mbona hayaanguki?

Yanaanguka. Tone la kawaida la wingu lina kipenyo cha kama milimita 0.02, na linashuka kwa sentimita moja hivi kwa sekunde. Kushuka kilomita moja kungelichukua karibu siku nzima. Wakati huohuo, chini yake hewa inapanda mita moja au mbili kwa sekunde. Na likibahatika kupenya kitakoni, linaingia kwenye hewa isiyoshiba mvuke na kukauka kabla halijafika popote.

Hapo ndipo watu wanaponipotea, kwa sababu wanalifikiria wingu kama kitu kilichotundikwa, mfuko uliojaa ambao siku moja utapasuka. Simama Moshi utazame Kilimanjaro siku limevaa kofia. Upepo unavuma huko juu kwa nguvu, ila kofia haibanduki. Hewa inapanda upande mmoja, inatonesha, inavuka, inashuka upande wa pili, inapata joto, na matone yanakauka. Ni kama povu kwenye jiwe la mtoni: maji yanapita, povu linabaki palepale. Tone lililopo sasa si lile la dakika chache zilizopita. Hata kumulasi inayosafiri na upepo ni hivyohivyo, pembeni inakauka muda wote huku chini ikilishwa upya.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana yule mwalimu ana pa kujitetea. Kumulasi ya kilomita moja kila upande, yenye nusu gramu ya matone kwa kila mita ya ujazo, ina tani 500 za maji. Lakini katika ujazo huohuo, kwa joto la pwani yetu, kuna zaidi ya tani 15,000 za mvuke. Ukipima kwa mizani, maji mengi ya ndani ya wingu ni mvuke kweli. Ila huo hauuoni, na hewa isiyo na wingu pembeni yake nayo inao tele. Kinacholifanya liwe wingu ni zile tani 500.

Zinageukaje mvua? Vitabu vya shule vinasema "matone yanaungana, yanakuwa mazito, yanaanguka", utadhani yamepanga foleni. Tone moja la mvua la milimita mbili ni matone milioni ya wingu. Kukua kwa kutonesha peke yake kunapungua kasi kadiri tone linavyonenepa. Kugongana nako hakufanyi kazi ya maana hadi baadhi yafike milimita 0.04 hivi, kwa kuwa hewa inayolizunguka tone kubwa inayasukuma madogo kando. Katikati pana pengo. Palipo na barafu, mawingu yanalivuka kwa njia nyingine, lakini manyunyu mengi ya pwani yanatoka kwenye mawingu ambayo hayajafika usawa wa kuganda, takribani kilomita tano, na yanaanza kunyesha ndani ya nusu saa. Hayo yanalivukaje pengo? Wengine wanataja msukosuko wa hewa, wengine chembe kubwa za chumvi. Mimi naegemea chumvi, ingawa siwezi kuapa. Falme za Kiarabu wanafyatua chumvi kutoka kwenye ndege kwa wazo hilohilo, na kuthibitisha kwamba wingu lile lisingenyesha lenyewe ni kazi ngumu, maana huwezi kupata wingu la pili linalofanana nalo.

Kwa hiyo nikiandika kwenye utabiri wa hali ya hewa "manyunyu katika maeneo machache ya ukanda wa pwani", usinipigie simu kuuliza kama Mbagala imo.