Gia Ikikataa, Anzia Mguuni

Wiki jana niliingiziwa Canter ya zamani inayobeba chumvi kutoka Gongoni. Gia ya kwanza haiingii mpaka uibembeleze, na rivasi inalia kama mtu anasaga kokoto. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba gia boksi imekufa, na alishaanza kuulizia ya mtumba. Nikamwambia, "Mzee, kabla hujauza mbuzi, hebu tuzime injini kwanza."

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na hakina gharama. Zima injini, kanyaga klachi, kisha pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini, halafu zikakataa injini ikiwaka, mara nyingi gia boksi haina kosa. Klachi ndiyo haiachii sawasawa: shafti ya kuingilia gia boksi bado inazungushwa na injini, na wewe unalazimisha meno yashikane huku yakienda mbio. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa kimya, hapo tafuta kwenye mkono wa gia na viungo vyake, bushi zilizolika au kebo iliyoshika kutu, kabla ya kuwaza kufungua chochote.

Canter ya mzee ilipitisha gia zote bila kinyongo. Tukawasha.

Shahidi mzuri ni rivasi, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani haina sinkronaiza, ile ringi inayolinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, ya kuifichia aibu. Injini ikiunguruma polepole, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi kumi, ndipo utie. Klachi nzima ingekuwa imeshaiacha shafti isimame. Hii ilikwaruza vilevile.

Sasa pampu klachi mara tatu nne upesi upesi, ujaribu tena. Gia ikikubali, shuku hewa kwenye paipu au mpira uliochoka ndani ya masta, ile silinda ya juu inayosukumwa na pedali. Klachi ya haidroliki hutumia mafuta ya breki, na mafuta hayo hunyonya unyevu. Kwa joto na hewa yetu ya pwani, masta huota kutu ndani na mipira ikakwaruzika. Nikifungua kikopo nikakuta mafuta meusi kama kahawa tungu, huwa siulizi yalibadilishwa lini. Lakini ya mzee yalikuwa safi, na masta yenyewe mpya, imefungwa juzi tu. Kupampu hakukusaidia.

Nikaingia chini ya gari. Utingo akikanyaga, kile kijiti cha silinda ya chini kinachosukuma uma wa klachi kilisogea kidogo mno. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatoa hewa mara ya pili, mara ya tatu, kisha wanashusha gia boksi kutazama presha pleti, bamba linaloibana sahani ya klachi. Hiyo ni kazi ya siku nzima na mgongo kuuma. Mimi nilichukua tochi nikamwambia kijana akanyage tena, safari hii nikiitazama masta kule juu. Ikawa inasogea! Si pistoni ya ndani, bali masta nzima, pamoja na bati la kabini ilikofungwa. Chumvi ilikuwa imelila bati hilo kwa nyuma mpaka likapasuka, na nusu ya nguvu ya mguu ikawa inaishia kulikunja.

Tulikata sehemu iliyooza, tukachomelea bamba nene, tukapaka rangi, tukafunga masta ileile na kutoa hewa. Rivasi ikaingia kimya.

Kama bati lingekuwa zima, ningeshuku sahani ya klachi iliyogandia kwenye flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini), jambo la kawaida kwa lori lililolala miezi karibu na bahari, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama na kuivuta shafti. Hizo ndizo za kushushia gia boksi.

Kulijaribu barabarani, tulikwenda hadi daraja la Sabaki na kurudi. Gia ya pili bado inakwaruza kidogo asubuhi kabla mafuta ya gia boksi hayajapata moto. Gia moja peke yake ikisumbua na nyingine zote ziko sawa, mara nyingi hiyo ni ringi ya sinkronaiza imelika. Mzee akauliza ni shilingi ngapi. Nilipomtajia, akacheka: "Fundi, hiyo nitakanyaga klachi mara mbili kila nikiitia, mpaka kaskazi iishe."